Kiti kilichotokeza nje ya trela: kwa nini mashine ya kubandika macho ya paka imechelewa

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Mimi ni kijana wa miaka 29, asili yangu Uvira, nimekulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, sasa hivi naishi Clarkston, jimbo la Georgia, Marekani. Tangu mwaka jana nipo na mkandarasi anayebandika rifleta za barabarani, yale macho ya paka. Nakaa kwenye kiti kilichotokeza nje ya trela, karibu kabisa na lami. Namwaga gundi ya moto, nabandika, gari linasogea, linasimama, nabandika tena. Malori yanapita karibu na bega langu. Mbona mashine ya kuchora mistari ipo na inakwenda bila kusimama, lakini hii yetu mtu ndiye mashine? Na ikija mashine ya kweli, mimi nitakwenda wapi? Tena, ingefaa nyumbani?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa kazi.

Barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu kiti hicho nimewahi kukikalia. Sikuwa nimeajiriwa hapo. Vali ya gundi ilikuwa inadondosha matone, kikosi kizima kimesimama, nikamwomba kijana aliyekuwapo anipishe nijionee mwenyewe. Nilikaa dakika 40. Nilidhani nitakachokumbuka ni joto, maana gundi ile hutoka tangini ikiwa na nyuzi 200 hivi za Selsiasi. Ninachokumbuka ni upepo. Lori la magurudumu 18 likikaribia, hewa inakusukuma kwanza. Likishapita, inakuvuta kulifuata. Niliwaona wale waliozoea wakikaza tumbo kabla lori halijafika, mikono ikiendelea na kazi. Wewe bila shaka umeshajifunza hivyo bila kufundishwa.

Umeuliza mbona mashine haipo. Iliwahi kuundwa, tena jirani na unapokaa. Miaka ya 2000 ikielekea mwishoni, watafiti wa Taasisi ya Utafiti ya Georgia Tech, pale Atlanta, wakiwa na fedha za Idara ya Usafirishaji ya jimbo, walitafuta dawa ya kiti chako. Kazi waliyoikuta ni hii hii unayoifanya: magari manne, watu sita, na msafara mzima unasimama kwa ajili ya kila jicho moja. Wakati huo Georgia ilikuwa na macho ya paka zaidi ya milioni 3 barabarani, na mpango ulikuwa kila moja libadilishwe baada ya miaka miwili. Wakaunda mashine ya majaribio inayomwaga gundi na kubandika huku gari likitembea.

Hebu tupige hesabu ya mkulima. Macho milioni 3 kwa miaka miwili ni milioni 1.5 kwa mwaka. Tuseme kila kusimama kunakula sekunde 20. Hayo ni makadirio yangu, wewe unaweza kuyapima kwa saa ya simu yako. Hizo ni sekunde milioni 30, yaani zaidi ya saa 8,300 za kusimama tu. Zidisha kwa watu sita: karibu saa 50,000 kwa mwaka za watu waliosimama katikati ya barabara kuu wakisubiri kipande kimoja cha plastiki kigande. Ukiiona namba hiyo ndipo unaelewa kwa nini jimbo lilikubali kutoa fedha, hata kabla hujafika kwenye suala la bega lako na lori.

Basi tofauti na mashine ya rangi iko wapi? Rangi humiminwa, jicho hutuliwa. Rangi inatoka kwenye pua ya bomba na kuanguka. Haijali kama gari linakwenda kilomita 5 au 15 kwa saa, wewe unaongeza presha tu. Ikifika chini inakuwa mstari. Jicho ni kitu kigumu, lina mgongo na uso, lina juu na chini, na lazima lifike barabarani likiwa limetulia tuli. Ukilidondosha kutoka kwenye gari linalotembea linafika na mwendo wa gari: linateleza, linapinduka, au linajikalia upande juu ya gundi kama andazi lililoanguka kwenye mchuzi. Hapo hakuna presha ya kukusaidia.

Kwa hiyo ukitaka kubandika bila kusimama, lazima kuwe na kitu kinachosimama barabarani wakati gari halisimami. Hili ndilo fumbo lote, na ningependa nilifafanue taratibu, kwa sababu wengi wanaoanza kuchora mashine hizi kwenye karatasi huliruka.

Piga picha ya reli mbili zimelazwa kwa urefu wa trela, na juu yake kijigari kidogo kilichobeba kichwa cha kubandikia. Gari linakwenda mbele. Kichwa kinapofika juu ya mahali pa kubandika, kijigari kinaachiliwa kirudi nyuma kwenye reli kwa mwendo ule ule ambao gari linakwenda mbele. Kwako wewe uliye kwenye trela, kijigari kinakimbia kwenda nyuma. Kwa mtu aliyesimama kando ya barabara, kijigari kimetulia, na chini yake lami haisogei. Katika muda huo mfupi kichwa kinashuka, kinamwaga gundi, kinakandamiza jicho, kinaachia, kinapanda. Kisha kijigari kinarushwa mbele kujiandaa kwa jicho linalofuata.

Sasa weka namba. Gari likienda kilomita 4 kwa saa, linasogea mita 1.1 kila sekunde. Kazi ya kumwaga na kukandamiza ikihitaji sekunde mbili, unahitaji reli ya mita 2.2, na nafasi kidogo ya kuanzia na kufungia breki. Hiyo inaingia kwenye trela ya kawaida. Ongeza mwendo uwe kilomita 8, reli inakuwa karibu mita 4.5, kijigari lazima kiwe kizito zaidi ili kisitikisike, na kukirudisha mbele kabla ya jicho jingine kunahitaji nguvu ya kutosha kumvunja mtu mkono. Ndiyo maana mtu akinijia na mchoro wa mashine ya kubandika macho kwa kilomita 20 kwa saa, namuuliza kwanza trela yake ina urefu gani.

Na mwendo wa kijigari ukikosea? Chukua kosa dogo la asilimia 5. Kwa sekunde mbili zile, kichwa kitakuwa kimeburuta sentimita 11 juu ya lami. Jicho lenyewe lina upana wa sentimita 10 hivi. Maana yake ni kwamba kosa la asilimia 5 linalisukuma jicho nje kabisa ya gundi yake. Spidomita ya lori haifai kwa kazi hii. Inategemea tairi, na tairi lina upepo leo na kesho limepungua. Inabidi kuwe na gurudumu dogo la kupimia linalojiviringisha juu ya lami yenyewe, au njia ninayoipenda mimi kwa kuwa ni ya kifundi zaidi: kichwa kiwe na mguu wa mpira. Mguu unashuka kwanza, unaikanyaga barabara, unashika. Kijigari kinaachwa huru kwenye reli, gari linajiendea zake, mguu umekishikilia pale pale. Hakuna kompyuta ya kukisia mwendo, maana barabara yenyewe ndiyo imekishika. Ubaya wake ni kwamba mpira unalika, na kwenye lami yenye mchanga unateleza. Lakini mpira unabadilishwa kwa dola chache na mtu mwenye spana.

Kuna jambo moja litakalokushangaza. Fanya hesabu ya kikosi chako: macho yako mita 24 kutoka moja hadi jingine kwenye barabara iliyonyooka, kwa sababu mstari uliokatika una futi 10 za rangi na futi 30 za nafasi, na jicho linakaa kila baada ya mizunguko miwili, futi 80. Ukitumia nusu dakika kwa jicho moja, kusogea na kubandika pamoja, umekwenda karibu kilomita 3 kwa saa. Mashine isiyosimama kabisa inakwenda 4. Yaani mashine hii ya ajabu, yenye reli na mguu na kamera, inakupita kwa hatua chache tu. Wauzaji hawapendi kusema hivyo. Faida yake haiko kwenye mbio. Iko kwenye breki ambazo hazikanyagwi maelfu ya mara kwa usiku mmoja, kwenye dereva wa nyuma ambaye halazimiki kubahatisha msafara utasimama lini, na kwenye kiti ambacho hakina mtu.

Tuje kwenye gundi, maana hapa ndipo niliposota miaka mingi.

Hiyo mnayotumia ni lami iliyochanganywa na unga wa mawe, na unga huo ndio sehemu kubwa ya uzito wake. Inakuja ikiwa vipande vigumu, inayeyushwa kwenye tangi lenye kuta mbili na mafuta ya moto katikati, na ndani kuna kasia linalokoroga bila kupumzika. Kasia likisimama unga unazama chini, juu inabaki lami tupu ambayo ni laini mno, chini inabaki tope ambalo halitoki. Unga ule ule unakula meno ya pampu kama msasa. Mkononi mwako wewe unajua gundi ikiwa nzito au nyepesi kwa jinsi inavyoanguka; unangoja nusu sekunde zaidi, unaendelea. Mashine haijui. Imeambiwa ifungue vali kwa muda fulani, itafungua kwa muda huo, hata kama kinachotoka ni robo ya kinachotakiwa.

Halafu kuna nyuzi. Umeona ukikata gundi, inabaki nyuzi nyembamba ikivutika kama asali kutoka kwenye kijiko? Wewe unazungusha mkono, uzi unakatika. Kwenye mashine moja ya majaribio niliyoitwa kuikagua, uzi ule ulikuwa unaangukia vidole vya kushikia jicho. Saa ya kwanza safi. Saa ya pili vidole vimeshapakwa. Saa ya tatu kichwa kikashuka, kikakandamiza jicho vizuri kabisa, kikapanda, na jicho likapanda nalo. Kikashuka kubandika jingine, kikiwa bado kimeling'ang'ania la kwanza. Wahandisi wenye shahada zao walisimama kando ya barabara saa nane ya usiku wakikwangua vidole vya chuma kwa bisibisi. Tatizo lilikuja kumalizwa na fundi bomba aliyeweka kipua cha hewa ya moto pembeni ya vali, kinapuliza mara moja na kukata uzi. Mchoro wa awali haukuwa na kitu hicho.

Muda nao haungoji. Gundi ikishaanguka, jicho lifike ndani ya sekunde 10 hivi, vinginevyo juu inapoa na kujifanyia ngozi, na jicho linashika ile ngozi badala ya kushika gundi. Linaonekana limekaa, mkaguzi anapita, anaridhika. Baada ya mwezi liko kwenye majani. Kwa mashine hili ni afadhali kuliko kwa mtu, kwa sababu mashine haipigi chafya wala haigeuki kumwangalia anayepiga honi. Kwenye saruji wengi hutumia epoksi, dawa mbili za kuchanganya, lakini hiyo inataka kusubiri, na juu ya lami ni ngumu mno: jicho linang'oka na kipande cha barabara.

Vumbi nalitaja haraka, ingawa linang'oa macho mengi kuliko kosa lolote la mashine. Mtu mwaminifu akiona mchanga anafagia kwa buti. Mashine itabandika juu ya mchanga kwa uaminifu ule ule inaobandikia juu ya lami safi. Weka kipulizio cha hewa mbele ya kichwa, na usibandike lami ikiwa na unyevu. Yamekwisha.

Uso wa jicho nao una habari zake. Macho mengi ya barabara zenu yana uso mweupe upande mmoja na mwekundu upande wa pili: mweupe kwa anayekwenda sawa, mwekundu kwa aliyeingia kinyume. Wewe unalitoa kwenye boksi na vidole vyako vinajua. Mashine hulishwa macho yaliyopangwa ndani ya bomba kama risasi, na aliyeyapanga akichoka saa kumi alfajiri akayageuza kumi, basi kwa mita 240 madereva wanaoendesha vizuri kabisa wataona taa nyekundu chini, watadhani wamekosea njia, na mmoja wao atapiga breki. Sensa ya rangi ni bei ndogo. Nimeona mashine mbili zilizoundwa bila kuwa nayo.

La mwisho, na gumu kuliko yote, ni jicho la mtu. Nani anaiambia mashine mahali pa kubandika? Mstari mpya mweupe juu ya lami nyeusi, kamera yoyote inauona. Lakini kazi yako si huko tu. Mnakwenda kwenye mstari uliofutika nusu, penye kiungo cha lami katikati (na hapo hapabandikwi, inabidi usogee pembeni kidogo), penye jicho la zamani lililovunjika likabaki kisiki, penye shimo lililoachwa na jicho lililong'oka na lami yake, penye kivuli cha daraja kinachofanana na mwisho wa mstari. Ukipita hapo unaamua kwa nusu sekunde: hapa, pale, ruka. Kuipa mashine uamuzi huo kunawezekana, na kila mwaka kunakuwa rahisi zaidi. Ila kunagharimu zaidi kuliko reli, tangi na vali vikijumlishwa, na kila inapokosea inaacha kosa lililogandishwa kwa gundi ya nyuzi 200.

Mimi msimamo wangu ni huu, na nimegombana nao na wenzangu wengi: kosa letu wahandisi lilikuwa kutaka kumwondoa mtu kazini, wakati kilichotakiwa kuondolewa ni kiti. Mpe yule yule aliyekuwa kitini skrini ndani ya kabini, kamera inayoangalia chini mbele ya kichwa, na vitufe viwili, kimoja cha kubandika na kingine cha kuruka. Mashine ifanye yale yanayomchosha: kutuliza kichwa, kumwaga gundi kwa kipimo kile kile, kukandamiza. Mtu afanye linalohitaji akili. Mashine ya nusu hivi inaundwa kwa sehemu ndogo ya gharama ya ile kamili, na ikikwama yupo mtu karibu anayeelewa kwa nini imekwama.

Mfano mzuri ni wa koni. Chuo Kikuu cha California kule Davis kina kituo kinachofanya kazi pamoja na idara ya barabara ya jimbo hilo, na miongoni mwa walivyounda ni mashine ya kupanga na kuokota koni, mfanyakazi akiwa salama ndani ya gari badala ya kuning'inia nje. Koni ni rahisi kuliko jicho, inatakiwa isimame tu, haina gundi wala uso. Lakini wazo ni lile lile: mtu yupo, amehamishwa tu.

Kwa kuwa nimeitaja California, nikupe na hadithi yake, maana kule walikuja kumwondoa mtu kitini kwa njia ambayo hakuna mhandisi wa mashine aliyeifikiria. Miaka ya 1950 mkemia wa idara ya barabara, Elbert Botts, alipewa kazi ya kutafuta alama inayoonekana usiku wa mvua, maana maji yakifunika rangi, mstari unapotea. Kutoka kwenye utafiti wake vikazaliwa vidude vya mviringo vinavyotokeza juu ya lami. Vya mwanzo vilipigiliwa misumari. Vikalegea, misumari ikabaki imechomoza, matairi yakatoboka. Gundi ya epoksi ndiyo iliyowaokoa. Botts alifariki mwaka 1962, na mwaka 1966 bunge la jimbo likaagiza vidude hivyo viwekwe kwenye barabara zake kuu zote zisizo na theluji. Vikafika zaidi ya milioni 20. Halafu mwaka 2017 idara ikatangaza kwamba haitabandika tena vile vya kauri visivyoakisi mwanga. Inachora mistari mipana zaidi, inchi 6 badala ya 4, na hoja mojawapo ilikuwa magari yanayosoma barabara kwa kamera. Kubandika mamilioni kwa mkono kuliisha kwa kuacha kubandika. Lakini rifleta, zile za kwako zinazowaka, zilibaki. Rangi ya kawaida bado haifanyi kazi ya rifleta usiku wa mvua, kwa hiyo usihofu kwamba Georgia itaamka kesho na kuzifuta.

Kwa nini basi mkandarasi wako hanunui hata hiyo mashine ya nusu? Muulize analipwaje. Kwa kawaida ni kwa jicho moja moja. Trela yake yenye kiti ameshailipia zamani, na kiti hakiharibiki. Mashine ikikwama saa tano usiku, barabara imefungwa kwa kibali cha saa chache, watu sita wanalipwa wakitazama pampu. Anachokiogopa si bei ya mashine, ni usiku huo mmoja. Wateja wa kweli wa mashine hizi ni majimbo, yanayohesabu majeruhi na foleni katika hesabu zao. Mkandarasi mdogo hahesabu hivyo mpaka mkataba umlazimishe. Ningekuwa naandika mikataba, ningeweka sentensi moja tu: asiwepo mtu nje ya gari upande wa magari yanayopita. Mashine zingepatikana kabla ya mwaka kwisha, zingine zimeundwa na mafundi wenyewe gereji.

Kuhusu nyumbani, nitakujibu kwa ufupi. Barabara nyingi za lami za kule ni za njia mbili, na nyingi zimemwagiwa kokoto juu ya lami, hazina uso laini. Gundi inazama kati ya kokoto, unahitaji nyingi zaidi, na mguu wa mpira ungeteseka. Trela ya reli ingekaa bandarini ikisubiri vipuri. Kinachofaa ni tangi dogo la kuyeyushia gundi juu ya toroli, bomba lenye kipasha joto, kichwa cha kukandamizia kwa mkono mtu akiwa amesimama wima badala ya kupiga magoti, na, zaidi ya yote hayo, njia iliyofungwa kweli kweli, siyo kwa tawi la mti lililowekwa mita tano mbele. Fundi mzuri wa kuchomelea pale Kasulu anaweza kuunda toroli hiyo kwa wiki mbili.

Na wewe utakwenda wapi? Ndani ya kabini, ukianza kujiandaa sasa. Mashine yoyote ya kazi hii, ya nusu au kamili, itamhitaji mtu anayelijua tangi: kuliwasha alfajiri bila kuunguza gundi, kusikia pampu inapobadilisha sauti, kujua kwamba bomba likipoa unalipasha polepole kutoka mwisho wa vali na si katikati. Hayo hayafundishwi chuoni, yanafundishwa na mtu wa tangi. Mwombe msimamizi zamu moja kwa wiki upande huo. Andika kwenye daftari ni macho mangapi yamekataa kushika, lami ilikuwaje, hali ya hewa ilikuwaje. Daftari la miezi sita la namna hiyo ni kitu ambacho mimi ningelilipia.

Muulize pia usiku wa leo lile lori la nyuma lenye mto wa kugongwa linatembea wapi. Likifuata katikati ya njia iliyofungwa, linakinga trela, halikukingi wewe uliyetokeza pembeni. Lisogezwe likinge upande wako.

Na gundi ikikurukia mkononi, maji baridi papo hapo, mengi, halafu hospitali na gundi yako ikiwa bado imeganda pale pale. Usiibandue mwenyewe, itatoka na ngozi. Ile siku ya vali mimi niliibandua, na kiganja changu cha kushoto mpaka leo hakishiki kikombe cha chai ya moto.